Torta za Siku ya Jua

Jumatano, 5 Novemba 1980

Goti la Waldemar limetuponza. Asubuhi mume wangu kaamka anachechemea, akasema mvua leo, tena kubwa. Nikamwamini. Goti hilo halijakosea tangu walipofunga kiwanda cha nyama na kumwachia baridi yote ya mle ndani kwenye mifupa. Nikakanda unga beseni zima, nikayeyusha mafuta ya ng'ombe. Saa nne jua limewaka, mbingu nyeupe, hakuna hata wingu la kusingizia.

Torta, hizi chapati zetu za kukaanga, ni za mvua. Kila mtoto wa nchi hii anajua. Matone ya kwanza yakipiga bati, watu wanakuja mlangoni kwangu na sahani. Jua likiwaka, hakuna anayezikumbuka. Sasa ningefanyaje? Nimwage unga? Nikawasha jiko pale pale mlangoni, nikakaanga, nikakaa na aibu yangu.

Watu wakapita wakicheka. Mmoja alinyoosha kiganja kupima kama kuna matone — mshenzi. Halafu akaja Chola, jirani yangu wa mkono wa kulia, na sahani yake. Akanong'ona:

"Mwalimu, una roho ngumu wewe."

Nikamwuliza roho ngumu ya nini.

"Usijifanye. Wenye magari wanawasha waipa pasipo mvua, na wewe unakaanga torta pasipo mvua."

Nilichelewa kuelewa. Waipa! Waldemar, tangu kiwanda kifungwe, anaendesha teksi ya mtu, na alishaniambia: mjini madereva wanawasha waipa kwenye vioo vikavu. Zinakwenda huku na huku kama kidole cha mwalimu mkali. Hapana, hapana, hapana. Tarehe thelathini tunaitwa kuipigia kura katiba ya wanajeshi. Redio zinasema Ndiyo, magazeti karibu yote Ndiyo, kuta za mtaa wetu wote wa Cerro Ndiyo. Hapana imebaki na vioo vya magari tu.

Na torta zangu, kumbe. Zote zimekwisha kabla ya chakula cha mchana. Nimecheka mpaka machozi. Leo sikukusudia.

Kesho nitakusudia.

Ijumaa, 7 Novemba

Jua. Nimekaanga. Foleni.

Kila mtu ana la kusema kuhusu hali ya hewa. "Naona mawingu, mwalimu." "Upepo umegeuka." "Mama mkwe wangu anaumwa kichwa, lazima kutanyesha." Wote wanatazama juu kwa makini, na juu hakuna kitu. Hata Ferreira amekuja, yule aliyekuwa akikata nyama na Waldemar meza moja, ambaye tangu nifukuzwe kazi akiniona anavuka barabara. Leo hakuvuka. Amechukua mbili na kuniambia zimeiva vizuri. Ni kitu kidogo, najua. Nimekiweka moyoni hata hivyo.

Bado wananiita mwalimu. Wanajeshi walipokuja walitugawia herufi: A ni mtu wa kuaminika, B wa kuchungwa, C haajiriwi na serikali tena. Maisha yangu yote nimefundisha watoto herufi, nao wakanipa moja tu. Ya tatu.

Jumanne, 11 Novemba

Sajini Olivera amekuja kutoka kituoni. Si mtu mbaya. Mwanawe mkubwa nilimfundisha kusoma mimi. Akasimama mbele ya karai, mikono mgongoni.

"Mwalimu, mvua haipo."

"Itanyesha, afande."

"Lini?"

"Mimi si mtabiri. Mwulize Waldemar, yeye ana goti."

Watu kwenye foleni walianza kuangalia viatu vyao. Chola alipata kikohozi. Sajini akasema ametafuta sheria inayokataza torta na hajaiona. Nikamwambia aendelee kutafuta, huku akila. Hakucheka. Akainama kidogo, sauti chini:

"Binti yako Nidia ana usaili wa kazi tarehe ishirini na nne, sivyo? Yule kapteni wa mjini huwa anatuuliza sisi wa mtaani kwanza."

Akaondoka bila kununua. Torta tatu zimeungua, sikuziona.

Jumatano, 12 Novemba

Nidia amejua. Cerro hii habari inafika nyumbani kabla yako.

Binti yangu amemaliza chuo cha ualimu tangu mwaka jana. Alama nzuri kuliko zangu, na si kwa sababu ni wangu. Anachosubiri ni herufi. Akipewa A anapata darasa. Akipewa kama yangu, atakaa na mimi mlangoni kukaanga. Amekuja jikoni hajavua hata koti.

"Mama, unakaanga herufi yangu."

Nikasema torta ni torta. Akaniambia nisimfanye mtoto. Nikasema mtu lazima aseme kitu. Akasema: "Wewe una C tayari, huna cha kupoteza. Mimi bado ninacho."

Huna cha kupoteza! Nilitaka kumpiga kofi, mtu mzima yule. Halafu nikaona kope zake zinatetemeka, kama alipokuwa mdogo akijikaza asilie mbele ya wenzake. Nimemwahidi: jua likiwaka, sikaangi.

Waldemar ameliosha karai yeye mwenyewe, akaligeuza kifudifudi.

Jumamosi, 15 Novemba

Jiko baridi. Watu wanapita, wanatazama mlango, wanaendelea.

Jana majirani wote walijaa sebuleni kwetu kutazama mjadala wa kura. Ndiyo wawili, Hapana wawili, wamekaa mezani kama watu. Sikuamini kwamba wangeruhusu. Tumeutazama kwenye televisheni yetu ya Kijapani. Siku hizi kila nyumba ina televisheni ya Kijapani, kiwanda ndicho hakuna. Wale wa Ndiyo wakatuhesabia mabwawa, madaraja, umeme. Maendeleo na utulivu, utulivu na maendeleo. Chola akasema daraja la kwenda ng'ambo tunalo, sasa tupitishe nini juu yake? Sisi wenyewe?

Waldemar, ambaye kwa mwaka anatoa sentensi chache, akatoa moja:

"Bwawa ni zuri. Mimi nilitaka kuulizwa tu."

Baadaye mmoja wa wale wa Hapana akajibu jambo kwa upole, bila kupandisha sauti, na yule wa upande wa pili akatafuta jibu kwenye karatasi zake. Akazigeuza, akazigeuza tena. Hakuna aliyepiga makofi, nyumba zetu kuta nyembamba. Lakini Chola alinishika mkono akauminya mpaka pete ikaniumiza. Nidia alikuwa amekaa chini, magoti kifuani. Alikuwa amesahau kufunga mdomo.

Jumatano, 19 Novemba

Mvua! Ya haki, ya kupiga bati, mifereji imefurika.

Nilikuwa nimeshachukua beseni la unga. Halafu mkono ukasita. Nikikaanga leo, nitakuwa mama mzuri anayekaanga torta siku ya mvua, na wiki nzima ile ya jua itakuwa kosa la goti. Nikalirudisha beseni. Nikatoa jiko na karai mlangoni, chini ya paa, vionekane. Baridi, vikavu, bila moto. Nikaketi kando na kibuyu changu cha yerba, chai yetu ya majani machungu, nikanyonya.

Ahadi yangu kwa Nidia sijaivunja. Niliahidi kutokaanga. Sikaangi.

Wakaja na miavuli na sahani zao. Wakaona karai tupu. Mmoja mmoja nikaona linavyowaingia — kwanza wanashangaa, halafu pembe ya mdomo inapanda. "Leo hakuna, mwalimu?" Hakuna. "Na mvua hii yote?" Ndiyo hivyo. Ferreira alicheka mpaka mwavuli ukamgeukia.

Sajini naye kaja, kaloa chapachapa, na furaha usoni. Leo alidhani amepata torta halali.

"Haya, mwalimu. Mvua hiyo. Ziko wapi?"

"Leo sijisikii, afande."

Akalitazama karai. Akaitazama mvua. Akanitazama mimi.

"Jua unakaanga, mvua hukaangi. Sasa mimi niandike nini?"

"Andika mwalimu amezeeka."

Akabaki pale anatiririka maji. Nilimhurumia, kweli. Nikampa yerba ya moto, akanywa, akarudisha kibuyu na kushukuru.

Nidia alirudi jioni nywele zimemganda usoni. Akasimama mbele ya karai. Niliisubiri hasira yake. Akasema tu, "Mama, wewe huponi," akaingia ndani haraka. Lakini nilimsikia akicheka huko chumbani, peke yake.

Jumatatu, 24 Novemba

Usaili haukufanyika. Alivaa sketi ya kijivu, akapiga pasi blauzi mara mbili, akaenda kituoni, anakokuja yule kapteni wa mjini. Wakamweka kwenye benchi asubuhi nzima, kisha wakamwambia arudi Jumatatu ijayo. Tarehe mosi. Baada ya kura! Hakuna aliyesema kwa nini. Hakuna haja. Nao wanasoma upepo.

Amerudi, amekula. Halafu akaweka uma chini:

"Nimenyamaza tangu nina miaka kumi na mbili ili nipate hiyo A. Wao hawajali nimenyamaza au nimepiga kelele. Wanataka tu niendelee kukaa kwenye benchi."

Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nimeshika ulimi.

Jumanne, 25 Novemba

Jua kali. Nimeamshwa na harufu ya mafuta.

Nikatoka na gauni la kulalia. Nidia yuko mlangoni, aproni yangu kiunoni, anatoboa matundu katikati ya torta — makubwa mno, nimemfundisha vibaya. Foleni imeshafika kwa Chola. Nikamwita kando. Nikamwambia, mwanangu, fikiria. Herufi yako.

"Nimefikiria. Nipishe, mafuta yanaungua."

Moyo wangu umekuwa mkubwa na una hofu, vyote viwili, na sijui kipi nikishike kwanza. Sajini amepita upande wa pili wa barabara. Ameangalia mbele tu, kama farasi aliyezibwa pembeni mwa macho.

Jumapili, 30 Novemba

Nimepigia kura darasani kwangu. Darasa langu lile lile! Kituo chetu kiko shuleni, na mstari wetu ukaangukia chumba cha mwisho. Sikuwa nimekanyaga pale tangu waliponitoa. Lile doa la wino chini ya dirisha bado lipo, wamelipaka rangi juu na limejitokeza tena. Madawati yamesukumwa pembeni. Karatasi ya buluu ya Ndiyo, karatasi ya njano ya Hapana. Njano haijawahi kunipendeza kama leo. Nikaitia kwenye bahasha, nikailamba, nikasimama kidogo pale pembeni nikijifanya natafuta miwani. Nilitaka kukaa darasani dakika moja zaidi tu.

Nyumbani redio. Matokeo yakaanza kuja. Mtangazaji alisoma ya kwanza kwa sauti ya mtu aliyepewa karatasi isiyo yake. Hapana inaongoza. Waldemar akasema tusubiri. Hapana inaongoza. Tusubiri, akasema. Kisha wakakiri wenyewe, kwa midomo yao. Hapana imeshinda.

Hakuna aliyetoka nje kupiga kelele. Bunduki bado ni zao, kambi zao, herufi zao. Tumekumbatiana jikoni — Chola, mimi, Nidia, hata Ferreira, ambaye sijui aliingiaje. Tulikumbatiana bila sauti, kama watu walioiba kitu kikubwa. Waldemar alikuwa analia waziwazi na wala hakujifuta.

Jumatatu, 1 Desemba

Naandika mlangoni, daftari gotini, unga wa pili unapumzika. Wa kwanza umekwisha mapema. Mbingu safi. Foleni imepinda kona na hakuna tena anayesingizia mawingu. Wanasema tu: mbili, mwalimu. Nne, mwalimu. Teksi ya Waldemar imepita mara kadhaa na waipa zake zinapiga kioo kikavu. Atazimaliza, mwenye gari atamla.

Nidia ameenda kituoni tangu asubuhi. Sketi ya kijivu tena. Nilimwuliza kama nisikaange leo, kwa ajili yake. Alisema nikizima moto, yeye haendi.

Hajarudi. Sipendi anavyochelewa. Nimekaanga ili mikono iwe na kazi.

Sasa hivi sajini Olivera amekuja. Foleni ikagawanyika kumpisha, akakataa, akasimama nyuma ya Chola akasubiri zamu kama mtu yeyote. Alipofika mbele yangu nilishindwa kumwuliza. Yeye ndiye aliyeanza.

"Kumi na mbili, mwalimu. Za kituoni."

"Afande, mvua haipo."

"Itanyesha," akasema. Akaangalia juu kwa makini, kama wote.

Nikaanza kumfungia torta. Nikamwuliza binti yangu yuko wapi. Akasema bado yuko ndani na kapteni, maswali ni mengi, anajibu vizuri, hajainamisha kichwa. Herufi, hajui. Hata kapteni mwenyewe leo hajui, akipiga simu mjini inalia tu, haipokelewi. Kisha akakohoa.

"Kapteni hajala tangu jana. Harufu imemfikia mpaka mezani. Na Nidia kasema zake zitiwe sukari."

Nimezitia sukari zote, za Nidia na za kapteni. Sukari imejaa barazani. Sajini kapanda kilima cha kituoni na kifurushi, mafuta yanapenya karatasi, anatembea haraka zisipoe.

Kwa hiyo wakati huu ninapoandika, mtu mwenye herufi ya mwanangu yuko kule juu anakula torta yangu, na mbinguni hakuna wingu hata moja. Unga umeshapumzika. Narudi kwenye karai. Mlango wa kituo nauona kutoka hapa, na bado umefungwa.