Upinde wa Umazi Ulioshinda Garini

Jumapili, Ukunda. Jua kali tangu asubuhi, upepo hakuna. Nimefua, nimeanika, nimeanua. Sikumbuki kama nimekula.

Leo ni siku ya tano tangu baba azikwe. Watu wananiuliza naendeleaje, nami nawajibu alhamdulillahi, nao wanaridhika. Ukweli ni kwamba sihisi kitu. Ni kama mguu ulioukalia mpaka ukafa ganzi, ila ni mwili mzima.

Lakini siandiki habari za baba. Naandika jambo nililomfanyia Umazi.

Umazi ni Mduruma wa Kinango. Ni dobi katika hoteli ya Galu ambako mimi nafundisha wageni kulenga shabaha kwa upinde. Zamani alikuwa akipita na mashuka yake, anasimama kutazama. Siku moja nikampa upinde ajaribu. Tangu hapo, kila akitoka kazini alikuja uwanjani. Baadaye mgeni mmoja aliyekuwa akirudi kwao alimwachia upinde wake mwenyewe, wa tabaka za mbao na plastiki ngumu zilizogandishwa kwa gundi. Mwepesi, mzuri. Kwa upinde huo Umazi ameitwa Nairobi kwenye mchujo wa timu ya taifa. Zimebaki siku kumi na mbili.

Alikuwa akiniachia mimi nimtunzie. Chumba chake ni cha mabati, mchana kinawaka, na mimi ndiye niliyemfundisha kwamba joto huua upinde. Gundi hulainika, tabaka huanza kuachana, na kwa macho huenda usione kitu. Wageni wote nawaambia: usiuache garini. Ikibidi, ulegeze uzi wake, uufunike kwa shuka jeupe, uulaze chini penye sakafu, gari likae kivulini na vioo vishushwe kidogo. Maneno haya nayasema kila wiki.

Jumanne asubuhi nilikuwa na pinde sita garini, tano za hoteli na huo wa Umazi. Stoo ilikuwa imepakwa rangi, nikaziweka kwangu, na sasa nilikuwa nazirudisha. Sijafika Galu, kaka yangu Bakari akanipigia simu kutoka hospitalini, Msambweni.

"Njoo sasa hivi," akasema.

Niliegesha gari mahali pa kwanza nilipopata, juani, nikafunga vioo, nikakimbia. Baba alikuwa bado anapumua. Nilimshika mkono. Kabla ya adhuhuri alikuwa amefariki. Tulimpeleka nyumbani kwa gari la jirani, na baada ya alasiri wanaume wakaenda kumzika. Gari langu nililikumbuka saa kumi na moja jioni, nikarudi hospitalini kulichukua.

Nilipofungua mlango, joto lilinipiga usoni pamoja na harufu ya gundi. Nikatoa pinde, nikazitazama moja moja. Kwenye upinde wa Umazi, juu kidogo ya mshikio, kidole changu kilipita kwenye mstari mwembamba kama unywele.

Nikajiambia ni mkwaruzo.

Sikuamini hata nilipokuwa najiambia.

Jana alasiri Umazi alikuja uwanjani. Alinishika mikono yote miwili.

"Makiwa, dada Mwanasha."

"Tunayo."

"Kama hujawa tayari, mazoezi si lazima leo."

"Tufanye tu," nikamwambia.

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema. Sentensi moja tu: upinde wako ulishinda juani. Lakini niliona jinsi itakavyonibidi kueleza siku ile yote tangu mwanzo, na yeye kunipa pole tena, na mimi kushukuru tena. Nikachoka kabla ya kuanza. Nikampa upinde wake.

Mishale mitatu ya kwanza ilikwenda sawa. Wa nne, alipouvuta hadi kidevuni, upinde ukapasuka. Sehemu ya juu ilikatika ikamrudia usoni. Umazi alikaa chini polepole, kiganja kwenye shavu, damu ikipita kati ya vidole.

Zahanati walimshona nyuzi nne. Jicho limenusurika kwa upana wa kidole. Meneja alipopiga simu kuuliza kimetokea nini, nilimjibu kwamba upinde ulikuwa mkuukuu. Nilisema bila kusita, kana kwamba natoa maelekezo ya njia.

Tulipokuwa tumekaa kwenye benchi, Umazi aliniuliza, "Dada, hebu niambie. Upinde ulikuwa na nini?"

"Siku ya msiba ulishinda garini, juani."

"Ulijua umeharibika?"

Ningeweza kusema hapana. Angeniamini.

"Nilijua."

"Ungeniambia tu. Ningengoja. Siku kama ile nani angekulaumu?"

Akaita bodaboda, akaenda zake.

Leo asubuhi nimechukua upinde wangu mwenyewe, ambao Jumanne haukutoka chumbani mwangu, nikaenda kwake. Shavu limevimba mpaka jicho limebaki ufa. Hata hivyo amenikaribisha, akanipa kiti chake cha pekee, akanitilia chai. Nimeuweka upinde kitandani.

"Huu ni wako. Si wa kurudisha."

Ameuvuta taratibu mara mbili bila mshale, akaulegeza kwa uangalifu kama nilivyomfundisha.

"Mzito kuliko wangu."

"Utauzoea."

"Nitauzoea," akasema. Kisha akanitazama kwa lile jicho moja. "Nakushukuru. Lakini mazoezi nitafanya peke yangu, dada. Usije uwanjani nikiwepo."

Ameyasema kwa upole, kama mtu anavyosema na mfiwa.

Nikangoja iniume. Haikuuma. Nikamaliza chai, nikamuaga, nikarudi nyumbani kufua.

Ila tangu nianue nguo, jambo moja linanizunguka kichwani. Zile pinde tano za hoteli zilikuwa garini pamoja na wa Umazi, saa zile zile, joto lile lile. Sasa zimetundikwa stoo na zinaonekana nzima. Kesho saa nne nina darasa la wageni, mume na mke na binti yao wa miaka tisa.

Kwa hiyo saa moja nitakuwa mlangoni kwa meneja. Nitamwambia upinde wa Umazi haukuwa mkuukuu, nilidanganya. Nitamwambia tano zile zisiguswe na mtu. Akinifukuza, anifukuze.

Sijui kama nitahisi chochote nikiwa nayasema. Nitayasema hivyo hivyo.