Hodi Kwanza, Ndipo Uguse Mafaili Yangu

Ijumaa, Jeddah. Hewa ya huku ni nzito kama shuka lililotoka majini sasa hivi, nami nimevimba kwa hasira tangu asubuhi. Madam ninayemfanyia kazi na watoto wake wamekwenda kwa mama yake. Nyumba kimya. Chai yangu ya tangawizi imepoa na sijaigusa.

Nimemkasirikia mwanangu.

Ndiyo, Zuhura huyo huyo ninayewachosha humu kwenye blogu kwa sifa zake. Msichana wa kwanza kwetu Kisauni kusomea kompyuta chuo kikuu. Asiyejua namwambia, na anayejua namrudia. Nimezaa kichwa, na kujisifu siachi.

Laptop hii baba wa nyumba alikuwa anaitupa tulipokuwa Riyadh, kabla hatujahamia huku. Halas, basi imekwisha, alisema, imezeeka. Zuhura akanielekeza kwa simu kutoka Mombasa, leo kidogo, kesho kidogo, mpaka tukaiwekea mfumo mwingine, Linux, ikafufuka. Kisha akanionyesha mafaili yaliyojificha, yale ambayo majina yao huanza na nukta. Huyaoni mpaka uyaite. Humo ndimo unamoiambia kompyuta herufi ziwe kubwa kiasi gani, rangi iwe ipi, ukibonyeza kitufe hiki kifunguke nini.

Na mie niliyeishia darasa la saba nikajifunza! Nabadilisha neno moja, nahifadhi, naangalia. Siku moja skrini ilizima ikawa nyeusi tii, nikalia. Nikarudisha lile neno, ikawaka. Mistari inayoanza na ile alama ya reli, #, kompyuta huiruka, haiisomi, basi humo nikawa najiandikia: hapa usiguse mama Zuhura, ndipo palipokuliza.

Nikaweka rangi ya zambarau, kama leso ya marehemu mama. Herufi nene, maana macho yangu si ya jana. Na juu pembeni nikaweka saa mbili, moja ya Jeddah, moja ya Mombasa. Zinasoma sawasawa, najua. Mie napenda kuziona zikienda pamoja.

Niseme ukweli. Katika nyumba hii sichagui hata kijiko kikae wapi. Madam akitaka vikombe kulia, viende kulia. Kesho akivitaka kushoto, yalla, kushoto. Hata chumba ninamolala ndimo yanamokaa mazulia ya wageni na pasi. Simlaumu, nyumba ni yake. Lakini ile skrini nilikuwa nimeipanga mie.

Leo asubuhi nimeiwasha nikadhani si yangu. Nyeusi kote. Herufi kama sisimizi. Nabonyeza kitufe cha picha za wanangu, linafunguka dirisha jeusi tupu. Saa ni moja.

Nikampigia Zuhura. Akacheka.

"Sapraizi, Mama! Jana nimeingia kwenye kompyuta yako kwa mtandao nikakuwekea mipangilio yangu. Sasa kompyuta zetu zote zinafanana."

Yeye ana tabia ya kuweka mipangilio yake mahali pamoja huko mtandaoni, na kila kompyuta anayoishika huivisha nguo zile zile. Sasa kanivisha na mie.

"Na yangu iko wapi?"

"Nimekusafishia. Mafaili yako yalikuwa yamejaa takataka, Mama. Na saa mbili za nini, na wakati ni uleule?"

Takataka!

Jamani. Mie kufagia nyumba za watu ndiyo kazi yangu, na sijawahi kutupa hata kikaratasi cha chini ya kitanda bila kukiinua na kuuliza, madam, hiki halas? Huyu nimemzaa mwenyewe, anaingia chumbani kwa mamake, anahamisha kitanda, anang'oa mapazia, na hata hodi hakupiga.

Nikamwambia hivyo hivyo. Akajibu, "Lakini ni kompyuta tu, Mama."

"Kompyuta tu? Basi huko chuo unasomea nini, upishi?"

Nikamkatia simu. Sijawahi kumkatia simu mtoto huyu tangu nitoke nyumbani, na moyo ukaniuma papo hapo, lakini sikumrudia. Hapana. Ninyamaze kwa madam, ninyamaze na kwa niliyemnyonyesha?

Baada ya adhuhuri ikaingia meseji yake. Eti yale mafaili yangu hakuyafuta, aliyaweka kando kwa jina jingine, na ameyasoma yote, mpaka mistari ya alama ya reli. Anataka kuyarudisha, saa zote mbili, lakini hagusi kitu mpaka nimruhusu. Hata katika hasira nimeona fahari: fundi wa kweli hatupi, huweka kando. Nani mwingine ana mtoto kama huyu?

Nikaigeuza simu kifudifudi, nikafungua laptop kuandika haya.

Sasa hivi, hapa hapa ninapoandika, kisanduku kidogo kimetokea katikati ya skrini. *Hodi, Mama.*

Nimekitazama tu. Kikapotea. Kikaja kingine. *Hodi tena, Mama.*

Kwetu mtu hupiga hodi mara tatu. Asipoitikiwa, hugeuka akaenda zake, na wala hanuni. Na huyu nimemlea mie mwenyewe, ataondoka kweli. Hasira bado ninayo, sijafika hata nusu yake. Acha asimame mlangoni kidogo, jua limchome.

*Hodi.*

Karibu, mwanangu. Vua viatu kwanza.