Mkwe Aliyenisahihisha Mlimani

Mshauri, nisikilize kabla sijapasuka. Mimi ni mhadhiri, nafundisha wahandisi wa ujenzi wa shahada ya pili somo la mekanika ya miamba, yaani jinsi mwamba unavyobeba mzigo na unavyoanguka, na mwaka huu darasani kwangu yumo mke wa mwanangu, ambaye bila upendeleo wowote, na kazi zake anasahihisha mwenzangu, ndiye kichwa cha darasa zima. Sasa mwezi uliopita niliwapeleka kwenye mlima uliokatwa kupitisha barabara, nikaweka dira kwenye jiwe kupima uelekeo wa nyufa, nikatangaza kwa sauti yangu ya kihadhiri kwamba nyufa zinaikata barabara mshazari, hakuna wasiwasi, mara mkwe akasema, "Mama, hiyo nyundo uliyoshika inaivuta dira." Kushika chuma karibu na dira, kosa ninalowakataza kila mwaka. Nikaweka nyundo mbali, nikapima upya, kumbe nyufa zimelala sambamba na barabara na zimeinamia upande wa barabara, jiwe likiachia linashukia magari, na darasa likacheka, hasa kwa lile neno "Mama", maana chuoni huniita Profesa.

Mshauri, nilimwonea fahari hadi machozi yakanilenga. Nilitaka kumshika mkono niwaambie wote huyu ni wa kwangu, lakini uso ulikuwa umenishuka, nikasema tu, "Haya, tuendelee." Nyumbani wifi yangu alipopata habari akamsema mbele ya watu, eti mkwe gani anamuumbua mamamkwe hadharani, nami nikajifanya natafuta miwani, na tangu siku hiyo binti hafungui mdomo darasani. Juzi nikakosea ubaoni makusudi, shinikizo la maji ndani ya ufa, linalopunguza nguvu ya mwamba kujishikilia, nikalijumlisha badala ya kulitoa, nikamwona anatikisa kichwa kidogo, kisha akainamia karatasi yake. Sasa mwanangu ananiambia mkewe anataka kuacha somo langu ahamie mambo ya lami, eti kwa kuniheshimu. Nimzuie vipi bila kuonekana nampendelea?

Profesa Mkwe

Profesa Mkwe,

Pole kwa uso ulioshuka, na hongera kwa kupata mkwe. Lakini mama, una vituko. Mtu anasubiri neno moja kutoka kwako, wewe unamtegea hesabu ubaoni? Wala si kicheko cha darasa kinachomfukuza. Alisemwa nyumbani kwako, akakutazama umtetee, wewe ukatafuta miwani.

Usimtume mwanao, hakuwepo mlimani. Nenda mwenyewe leo, umwambie alikuwa sahihi na kwamba ulimwonea fahari. Kisha mwite wifi yako, aketi hapo hapo, umwambie maneno yale yale, na akinuna mwache anune. Darasani rekebisha hesabu yako, useme kosa la nyundo lilikuwa lako na aliyeligundua ni nani. Huo si upendeleo, ni ukweli, na maksi anatoa mwenzako. Baada ya hapo akitaka lami, aende kwa kupenda kwake.

Heshima za ukwe unazijua, sikufundishi. Ila kesho keshokutwa huyo binti atakuwa na bosi mkali kukushinda wewe, amesimama chini ya mwamba ulioinamia barabara iliyojaa watu, na bosi atakuwa amekosea. Mwalimu wake ni wewe. Unataka siku hiyo awe ameshazoea kunyamaza?