Nilisingizia mtandao

Jumanne jioni, Sirari mpakani.

Kinyaa kimenijaa, na si kwa ajili ya kompyuta tu. Tangu asubuhi ilikataa kusakinisha vifurushi vya JavaScript, yaani vipande vya programu vinavyoendesha fomu ya kompyuta ya madereva wa malori. Mwenzangu Chacha akasema, "Ilazimishe, itaingia tu." Nikalazimisha bila kusoma ujumbe wa kosa. Ikaingia kweli, halafu fomu ikagoma mbele ya madereva.

Bosi wetu, Mama Robi, akauliza, "Ni mtandao?"

"Ndiyo, mama. Unaingiliana na wa Kenya."

Akawaomba radhi madereva kwa niaba yangu, watu wazima wamesimama juani.

Walipoondoka ndipo niliposoma kosa lile. Ujumbe ulikuwa umekitaja wazi kifurushi cha zamani kilichogombana na vingine. Nikakibadilisha, vyote vikaingia kwa dakika mbili.

Sasa hivi Mama Robi ameniandikia: "Pole na mtandao, mwanangu."

Najiona mchafu.