Kalondu Amempata Kimeu Malindi

Gakenia, uko? Kalondu amempata kaka yake. Kimeu! Yule wa miaka sita bila habari.

Semina iliisha saa saba, akaniambia twende tuone mji. Nyuma ya soko akasikia wachongaji wa vinyago wakiongea Kikamba. Alifurahi sana! Akawasalimia, akasema yeye ni wa Nuu.

Mzee mmoja akaweka patasi chini. "Nuu? Tulikuwa na kijana wa Nuu hapa. Kimeu, mwenye kovu kwa kidevu."

Alisema tulikuwa. Gakenia, TULIKUWA.

"Malaria ilimmaliza mwaka juzi. Hatukuwa na simu ya watu wake, tukamzika sisi wenyewe."

Kalondu hakulia. Aliuliza tu, "Nani alimwombea?"

"Ni mimi," mzee akasema. "Nilijaribu."

Wakatupeleka kaburini. Ni mchanga tu, na kibao walichochonga: KIMEU WA NUU.

Tukiwa hapo hapo, mama yake akapiga simu. Unajua vile huyo mama humwombea Kimeu kila Jumapili, mbele ya kanisa lote.

"Kalondu, Malindi kukoje?"

"Kuzuri, mwaitu. Ni joto tu."

Akakata simu, akakaa chini kwa mchanga. Bado amekaa. Nimekaa kando yake nikikuandikia.