Nyambizi ya Chumba cha Saba

Jumatatu, 6 Oktoba 2014

Wazee watano wa kunyoa kabla ya kiamsha kinywa. Wanne kimya. Wa tano, Mzee Reinhold wa chumba cha saba, mdomo haukufungwa. Ana miaka tisini, ameletwa kwetu, kwenye nyumba ya wazee hapa Marekani, wiki tatu zilizopita baada ya kuvunjika nyonga. Masikio mazito, akili timamu. Jana binti yake alimletea picha ya kutundika ukutani: vijana kumi na kitu wamesimama juu ya chuma cheusi, wanacheka. Nikasema meli nzuri. Akasema si meli, ni nyambizi ya Kijerumani, na yule wa pili kutoka kushoto ni yeye, mpiga redio. Halafu akaniambia Afrika yangu aliiona. Kutoka majini. Asubuhi ilikuwa inapendeza sana.

Wembe ulikuwa shingoni mwake. Nikamaliza kumnyoa. Sikumkata.

Alhamisi, 9 Oktoba

Siku ya mapumziko. Nimeacha gari Minneapolis nikapanda treni mpaka Saint Paul, maktaba. Mwaka wa tatu huu nikikalia kiti kilekile. Mama wa maktaba hata haniulizi tena nataka nini, ananiletea vitabu vya nyambizi tu. Siku ya kwanza alidhani mimi ni mwalimu. Sikumsahihisha.

Ninachojua hakijai kiganja. Babu yangu, askari wa Mfalme wa Uingereza, alipandishwa meli Mombasa mwaka wa arobaini na tatu. Nyambizi ya Wajerumani ikaipiga kati ya Msumbiji na Madagaska. Nyumbani ikaja barua ya mistari minne. Baba yangu alikuwa bado ananyonya.

Kwetu Bungoma, mtu asiye na mwili huzikiwa mgomba. Shina linakatwa, linavishwa shuka, linaliliwa, linafukiwa. Nyanya alikataa. Alisema hawezi kuzika mgomba wakati hajui mumewe amelala wapi na nani alimlaza. Akafa amekataa. Sasa baba ana miaka sabini na moja, miguu inamvimba, anataka kumzika babake kabla hajazikwa yeye. Ameniomba vitu viwili tu: ni wapi, na ni nani.

Ameniomba mimi kwa sababu mimi ndiye Barasa. Nilipewa jina la babu. Tangu nizaliwe baba hajanitamkia jina hilo hata mara moja, kwa kuwa jina la mzazi wako hulitupi mdomoni ovyo. Mimi ananiita "baba". "Baba, umekula?" Mtu mzima, mvi kichwani, ananiuliza hivyo kwenye simu, na mimi naitika.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimefanya kitu kibaya. Mzee Reinhold alipokuwa kwenye kiamsha kinywa nikafungua droo yake. Kuna daftari dogo la ngozi. Nimelipiga picha kurasa zote kwa simu, dakika nne, huku mlango nimeuegemea. Mtu akikamatwa na hilo anafukuzwa siku hiyohiyo.

Mwandiko mdogo, Kijerumani kitupu. Kurasa mbili za katikati zimechorwa miraba na herufi, kama watoto wa shule wakicheza. Nikaziruka.

Jumapili, 12 Oktoba

Kanisani sikusikia mahubiri. Nilirudi nyumbani kwangu Fridley, nikafungua laptopu na kamusi. Namba ya nyambizi yake iko ukurasa wa kwanza. Nikaangalia orodha ninayoijua kwa moyo, ya nyambizi zilizowahi kuwinda katika maji yale. Ziko saba. Yake imo.

Nimempigia baba. Nikamwambia nimempata.

Nikasikia anaita watu waingie ndani. Tarehe ya mgomba imepangwa palepale: Jumamosi, tarehe nane Novemba. Akasema, baba, usimguse huyo mtu. Muulize tu ni wapi.

Sikumwambia kwamba ziko saba.

Jumatano, 15 Oktoba

Sijamuuliza. Kila nikiingia naona ile picha na kicheko chao na mdomo unakuwa mzito. Badala yake nafanya mambo madogo. Namwacha wa mwisho. Chai namfikishia imepoa. Shati lake lina vifungo vingi, anataabika navyo, mimi nasimama namtazama. Ananishukuru kila mara. Hilo ndilo linalonikera zaidi.

Ijumaa, 17 Oktoba

Kengele yake nimeanza kuiacha. Taa ya chumba cha saba inawaka pale ukutani, mlio unalia, mimi nakunja taulo. Dakika kumi. Dakika kumi na tano. Nikijisikia vizuri naenda. Kwenye daftari la zamu naandika nimemwangalia kila baada ya saa mbili, kama sheria inavyotaka.

Leo amemwambia binti yake kengele imeharibika. Fundi akaja. Akaifungua, akaijaribu, inalia vizuri kabisa. Mimi nilikuwa nimeshika ngazi ya fundi.

Jumatatu, 20 Oktoba

Asubuhi alipiga kengele saa tatu na nusu. Nilikuwa chumba cha mapumziko, mlango wazi, chapati mkononi. Nilisikia. Nikamaliza chapati. Nikanawa mikono. Nikaangalia simu.

Nilipoingia alikuwa amekaa kwenye kiti, suruali imelowa mpaka soksi, chini kumelowa, na picha ya wale vijana ameigeuza uso ukutani ili wasimwone. Mtu wa miaka tisini. Hakuniangalia. Alisema samahani.

Nimembadilisha. Kwenye daftari la zamu nimeandika: saa tatu na nusu, yuko salama.

Jumanne, 21 Oktoba

Fundi amekuja tena. Kengele haina tatizo. Sasa nesi mkuu anasema huenda tatizo liko kichwani mwa mzee. Wanafikiria kumhamishia ile wodi ya ghorofa ya chini, ya waliopoteza kumbukumbu, ambako milango ina namba za siri. Wataamua wiki ijayo. Nilikuwepo wakisema. Nikaitikia kwa kichwa, mshenzi mimi.

Mama Furaha, Mkongo tunayefanya naye shifti, amenifuata kwenye chumba cha kufulia. Mama huyu alitoka Kivu na watoto wawili kati ya watano. Anaosha kila mzee kama anamwandaa kwenda harusini. Ameniuliza taratibu, "Ndugu Barasa, ile kengele ya saba, unaisikiaka ao hapana?" Nikasema ninasikia. Akasema, "Basi uyu muzee alikukosea nini?"

Nikamweleza. Babu, meli, nyambizi, yote. Nilitegemea angenihurumia. Alikunja shuka lake, akalipanga juu ya mengine, akasema wale waliochoma nyumba yake anawajua kwa majina, na hata mmoja wao akiletwa hapa amelowa, atambadilisha kwanza. Kisha akabeba kapu lake akaenda.

Nimemchukia siku nzima. Kwa sababu hakupaza hata sauti.

Jumamosi, 25 Oktoba

Mama wa maktaba alinipigia kwamba karatasi nilizoagiza tangu Aprili zimefika. Nakala za shajara ya safari ya nyambizi moja kati ya zile saba, iliyoandikwa na nahodha wake mwenyewe. Tarehe ndiyo. Saa ndiyo. Meli ya askari, topido mbili, ilizama kwa dakika sita. Mahali hapajaandikwa kama ninavyojua mimi, pameandikwa herufi mbili na namba nne. Mama wa maktaba hajui maana yake. Anasema ramani yao itabidi iagizwe, na itachukua miezi.

Lakini namba ya nyambizi najua kuisoma. Si ya Reinhold.

Yake iliingia maji yale mwaka uliofuata. Siku babu anakufa, Reinhold alikuwa bado shule ya redio, imo kwenye daftari lake lenyewe, ukurasa wa nne. Ukurasa huo nilikuwa nao kwenye simu wiki mbili nzima. Sikuutafsiri. Nilishapata nilichokitaka.

Na iliyomuua babu ilirudi bandarini na shajara hiyo, ikatoka tena, haikurudi. Ilizamishwa pamoja na watu wake wote miezi michache baadaye. Hakuna aliyebaki wa kuulizwa.

Nimekaa kwenye treni mpaka mwisho wa njia nikasahau kushuka.

Jumapili, 26 Oktoba

Nilidhani kinachoniumiza ni kwamba nilimwonea asiyehusika. Si hicho. Leo nimejiuliza: angekuwa ndiye, je, ile suruali ingekuwa haki? Nimeosha wazee miaka minane. Nilijisifu kwa kazi hiyo hata kwa watu wa nyumbani. Kumbe nilikuwa nangoja tu nipewe sababu.

Ninajionea kinyaa. Sina neno jingine.

Jumatatu, 27 Oktoba

Niandike kama ilivyokuwa, nisijipambe.

Nimeingia chumba cha saba na ile karatasi. Nikamwambia nina babu aliyezama. Nikamwonyesha herufi mbili na namba nne. Mzee akavaa miwani, uso ukamchangamka, sijawahi kumwona hivyo. Akafungua droo, akatoa daftari, akafungua zile kurasa za katikati. Miraba. Ndivyo walivyoigawa bahari yote wao, mraba kwa mraba, kila mraba na herufi zake, na yeye alifunzwa kuzituma kwa redio mpaka akaziota. Akaniambia nilete ramani. Nikaitoa begini. Aliiteremka mistari pole pole, akahesabu kwa sauti kwa Kijerumani, akaweka nukta ya penseli. Pale, akasema. Babu yako yuko pale.

Miaka sabini na moja. Nyanya alikufa bila hiyo nukta. Na mtu pekee niliyemjua wa kuisoma ndiye niliyemwacha akae kwenye mkojo wake.

Ndipo nikamweleza habari ya kengele. Na daftari, na simu. Nilisubiri kwanza aweke nukta. Hilo nalo liandikwe.

Nikarudia mara mbili kwa sababu hakusikia vizuri. Mara ya pili nililazimika kupaza sauti, korido nzima ikasikia. Akavua miwani. Alisema alidhani kengele imeharibika. Baadaye alianza kudhani ni yeye ameharibika, akawa anahesabu herufi za miraba asubuhi ili ajue kama kichwa bado kipo. Kisha akaniomba nitoke.

Nikaenda moja kwa moja kwa nesi mkuu. Nikasema yote.

Jumanne, 28 Oktoba

Nimesimamishwa mpaka tarehe kumi Novemba. Nikirudi nitakuwa korido nyingine, chini ya macho ya mtu. Chumba cha saba nisikanyage. Binti wa Mzee Reinhold ametaka nifukuzwe. Haki yake. Mzee hahamishwi kwenda chini. Mama Furaha ndiye atakayemnyoa.

Nimemtumia baba picha ya ramani. Nimemwambia yule mzee siye, aliyefanya yuko chini ya bahari pamoja na wenzake. Ameguna tu. Akauliza nani basi ameweka hiyo nukta. Nikasema huyohuyo mzee. Akataka jina lake, akaniambia nilitamke pole pole aliandike.

Jumamosi, 8 Novemba

Wamezika. Binamu alishika simu nikaona yote. Mgomba ulivishwa shuka jeupe, ukalazwa kichwa kuelekea kusini-mashariki, kwenye nukta. Ramani wakaikunja wakaiweka kifuani. Mama zangu wakalia kilio cha mtu, si cha mti. Mimi nikalia jikoni Fridley, sufuria ya chai imechemka ikamwagika.

Baba akahutubia amekaa, miguu haimwezi. Akataja jina la Reinhold mbele ya ukoo wote, akamshukuru. Halafu akanitaja mimi. Akasema huko Marekani huyu baba yangu anatunza wazee wa watu, hata wa waliokuwa maadui, anawaosha kwa mikono yake, na ndiyo maana Mungu alimfungulia njia. Watu wakapiga makofi.

Nikazima kamera ya simu. Nilisema mtandao ni mbaya.

Jumapili, 9 Novemba

Sikwenda kanisani. Nimempigia baba asubuhi yangu, kwao jioni, wageni wameondoka. Nimemwambia. Vifungo vya shati, chai, taulo, chapati, suruali, daftari la zamu. Sikuruka. Na kwamba nilimwambia nimempata wakati nilijua ziko saba.

Hakunikatiza. Nilisikia kuku, nikasikia mtu akiburuta benchi nje. Nikangoja anilaani. Hakunilaani.

Alisema, "Barasa."

Nikaitika. Sauti yangu niliisikia kama ya mtoto.

Akasema nimsalimie yule mzee, kama siku moja atakubali salamu. Akasema amechoka, anakwenda kulala. Akakata.

Huku majani yote yameanguka. Wanasema kesho theluji nzito. Nimetoa buti, nimepiga pasi sare ya kazi. Shifti inaanza saa kumi na mbili unusu, korido ya upande wa pili.

Sijamjibu mtu yeyote simu leo. Jina langu bado liko sikioni.