Alama ya Mizinga ya Shemeji

Itigi,
9 Juni 1975

Dada yangu Raheli,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umeamka salama, na kwamba goti lako halikusumbui sana kwa baridi ya mwaka huu. Mimi ni mzima. Treni zinapita kama kawaida, nami bado huhesabu mabehewa, ingawa ni miaka sita tangu nistaafu ukarani wa stesheni.

Nimepata habari kwamba Alhamisi mume wako, shemeji Antipasi, atasimamishwa mbele ya baraza la kijiji kwa wizi wa asali, na kwamba akishindwa atanyang'anywa mizinga yote themanini na mitatu, kisha apelekwe mahakamani Manyoni. Nimeambiwa pia kwamba watoto kisimani wanamwita nyegere, yule mnyama mwizi wa asali. Mzee wa miaka sitini na minane! Sikuweza kumaliza chakula.

Unakumbuka Agosti iliyopita, mlipohamishiwa kijiji kipya, niliitwa na taipureta yangu kuandika daftari la mizinga iliyobaki porini. Kila mrina asali alichora chini kwa kijiti alama anayoichonga kwenye mizinga yake. Mashine ya Kiingereza haizijui alama hizo, kwa hiyo nilitafuta zinazofanana nazo. Petro nikampa #, Alute nikampa %. Walicheka sana. Petro alidai nimempa zizi lisilo na ng'ombe, naye Alute akasema yake ni mayai mawili yaliyogombana yakaamuliwa kwa fimbo. Shemeji alichora kitanzi chenye mikia miwili, alama ya baba yake, nami nikagonga &. Nikamweleza kwamba Waingereza huiandika badala ya neno “na”, na kwamba zamani zilikuwa herufi mbili za Kilatini, e na t, zilizosukwa pamoja. Akajibu kwamba baba yake hakusoma Kilatini, kwa hiyo Warumi ndio waliomwibia.

Katika daftari lililoko ofisini leo, & ni ya Gasto, mrina mwenzake, na mbele ya jina la shemeji kuna *. Ndiyo maana kila mzinga wenye kitanzi unahesabiwa kuwa wa Gasto, na shemeji amekamatwa akirina mizinga aliyoitundika mwenyewe. Uliponiuliza mwezi uliopita, nilikujibu kwamba huenda mashine ilikosea.

Dada, mashine haikukosea. Siku ya pili, nikiwa napiga nakala safi, Gasto alinijia peke yake. Alama yake ni mkato mmoja tu, nami nilikuwa nimempa /. Akasema anataka &. Nilikataa. Akanikumbusha, kwa sauti ya upole kabisa, kwamba yeye ni mmoja wa wanaoandika majina ya wazee wa Itigi wasio na kazi, wapelekwe vijijini wakalime. Nilitoka Iramba nikiwa na miaka kumi na tisa. Nimehamishwa Saranda, Tabora, Malongwe, na nyumba hii ya vyumba viwili ndiyo pekee ambayo miti ya uani nimeipanda kwa mikono yangu. Niliogopa. Nikachomoa karatasi, nikaingiza nyingine, nikabadilisha. Nilijiambia kwamba shemeji hajui kusoma, hatagundua.

Karatasi ile ya kwanza niliipiga kwa kaboni. Nakala yake imekaa ndani ya Biblia yangu miezi kumi, nami nimekuwa nikiiruka kila nikifungua. Sasa binti yangu Kristina anakuletea pamoja na barua hii. Nyuma yake nimeandika nilichokifanya, nikatia sahihi.

Lori la Jumatano litanileta. Shemeji asinisalimie kabla sijasema mbele ya watu. Lakini karatasi mpe mwenyekiti mkononi mara uipatapo, usinisubiri, hata ukipata habari kwamba naumwa. Usiniamini nikisema naumwa.

Unisalimie mwanao Cecilia na wajukuu wote, na majirani wanaoniulizia.

Mdogo wako,
Ezekieli